Maji ya Bluu na Mguu wa Papa

Kazi yangu ni kuangalia uchafu wa watu. Makohozi, mkojo, damu, usaha: vyote vinapita mezani kwangu, katika kituo kimoja cha afya hapa Likasi, kwenye chumba chenye dirisha moja na hadubini moja ambayo shingo yake nimeifunga kwa plasta. Mtu akiniuliza nafanya kazi gani nikamjibu mimi ni laborantine, nauona mkono wake unarudi nyuma kabla sijaushika. Haya, urudi. Nilishazoea. Lakini kama tunaambiana ukweli, katika uchafu wote huo ninaoupenda ni usaha.

Usinicheke. Unachukua kidogo kwenye kidonda kwa pamba, unapaka kwenye kioo, unakausha, unakipitisha juu ya moto, unamwagia rangi ya zambarau, unaosha, kisha unamwagia nyekundu. Ukiinama kuangalia unawakuta bakteria wamekuwa zambarau, wadogo, wameshikana vichala vichala. Na kando yao unazikuta seli nyeupe za damu, kubwa, zimekuwa na rangi ya waridi, kila moja na kiini kilichogawanyika vipande vitatu au vinne. Usaha wenyewe, sehemu kubwa, ndio hizo seli nyeupe: zilikuja kula bakteria, zikafia kazini. Ukiwa na bahati unaikuta moja tumbo lake limejaa nukta za zambarau. Imeshakula. Mara ya kwanza kuona hivyo nilikuwa mwanafunzi, nikapiga kelele mpaka mwalimu akafikiri nimevunja kioo.

Mwalimu huyo alitufundisha kwamba seli nyeupe ni askari wa mwili. Kila mtu anasema hivyo. Mimi sikubali mpaka leo. Askari anasubiri amri, na wengine wanasubiri na kitu kidogo cha kunywa pia. Seli nyeupe haina mkubwa, hakuna anayeipigia simu. Swali lililoninyima raha tangu shule ni moja tu: inajuaje? Haina macho wala masikio, na bakteria yule hajawahi kufika kwake. Inajuaje kwamba huyu ni mgeni mbaya na huyu aliye kando yake ni nyama ya mwili?

Jibu nililipatia kwenye bukari, ugali wetu. Unga ulikuwa umesagwa ovyo, nikauma mchanga, na taya likasimama lenyewe. Sikuwa nimefikiri chochote. Ulimi haukuuliza kijiwe kimetoka mlima gani wala kinaitwa nani. Ulijua tu kwamba hicho si unga. Basi seli ziko hivyohivyo. Juu ya ngozi yake seli ina vishikio vidogo sana vinavyopapasa, na bakteria amevaa ganda lililojengwa kwa vitu ambavyo mwili wa mtu haujengi kamwe. Ikiligusa ganda hilo, taya linasimama.

Zinazogusa kwanza ni zile zinazokaa chini ya ngozi siku zote, walaji wakubwa. Zinaanza kula palepale, na huku zinamwaga kemikali za kuwaita wenzao. Mishipa ya karibu inalegea, maji yanavuja, mahali panavimba, panakuwa pekundu, panapata moto. Sisi tunalaani uvimbe, kumbe ni mlango umefunguliwa. Seli nyeupe zilizokuwa zinapita na damu zinaanza kujikokota kwenye ukuta wa mshipa, zinajibana, zinapenya, kisha zinafuata harufu ya kemikali mpaka kwenye kidonda. Zikifika zinameza, zinamwaga sumu juu ya kile zilichokimeza, na nyingi zinakufa muda mfupi baadaye.

Nimeyaeleza haya yote ili uelewe nilichokiona siku nilipoangalia usaha wa papa.

Papa ni baba yangu mzazi, na tunaishi wawili, yeye na mimi, katika nyumba ya zamani ya wafanyakazi huko Shituru, tangu mama alipotutoka. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba cha hapohapo, katika ukumbi wa electrolyse. Huko shaba inaoteshwa: kuna matangi marefu, wenyewe wanayaita bac, yamejaa maji ya bluu yenye asidi, na ndani yake yamening'inizwa mabamba membamba, tole, ambayo shaba safi inajishika juu yake, umeme ukipita. Ukimwuliza papa juu ya kazi ile atakuambia mambo mawili. La kwanza, hakuna mtu aliyeyajua yale maji kama yeye. La pili, jioni walipokuwa wanatoka, walipekuliwa mlangoni: mifuko, kofia, soksi, mpaka bakuli la chakula. Hapo anainua mikono juu, anageuka taratibu ili uone walivyokuwa wanageuka, na anasema, "Miaka yote ile, mama, minye sikubebaka hata waya." Maana yake, hakuiba shaba hata kidogo.

Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Kwetu hilo si utani. Tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni papa ananisalimia kwa heshima ya mama mtu, na akikosea ananiogopa kidogo, mzee mzima, anaangalia ukuta. Mimi nami, nisiseme uongo, nalitumia jina hilo kila ninapolihitaji.

Papa ana sukari. Huo ugonjwa ulimla hisia za miguu polepole, hata akawa hajui kama amevaa kiatu au hajavaa. Mvua za kwanza zilipoanza, alikuwa nyuma ya nyumba anatayarisha mistari ya mahindi, amevaa masapato, ndala za plastiki, akakanyaga kipande cha bati. Hakusikia kitu. Akaingia ndani, akakaa, akaomba chai. Mimi ndiye niliyeona alama nyekundu za mguu mmoja juu ya sementi, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti chake.

Nilimpeleka hospitalini kwa daktari wa upasuaji, mtu wa sauti ndogo anayesema mambo makali kama anakukaribisha chakula. Alitoa vidonge, akarekebisha dawa ya sukari, akatufundisha kuosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Kuosha, papa alisema ataosha mwenyewe. Alifanya hivyo alfajiri, nje, nyuma ya jiko. Binti kumshika baba miguu, tena binti mwenye jina la mama yake, aliona ni aibu. Mimi nilikuwa nafunga bandeji tu kabla ya kwenda kazini, na nilidhani namheshimu.

Wiki tatu zikapita, kidonda kikakataa kupona. Hakikuoza sana, hakikunuka sana, lakini kilipanuka. Kingo zilikuwa na rangi ya majivu inayoelekea kijani, na katikati palikuwa pakavu. Daktari alikigusa kwa koleo, akamwangalia papa, akaniangalia mimi.

"Niwape wiki mbili," alisema. "Kama hakuna nyama mpya, tutakata chini ya goti. Tukichelewa zaidi, sitakuwa nazungumza juu ya mguu tena."

Papa alitangulia kutoka mpaka barabarani. Hapo akasimama.

"Kukata muguu yangu? Na mahindi nitaipanda na nini, mama?"

Siku iliyofuata nilichukua pamba, nikapata usaha kidogo kwenye kona ya kidonda, nikauweka chini ya hadubini yangu mwenyewe.

Nilichokiona sikuwa nimekiona popote. Seli nyeupe zilikuwepo, nyingi, lakini zote zilikuwa zimechanika, viini vimeyeyuka, kama karatasi iliyoloweshwa ikasuguliwa. Nikazunguka kioo chote. Hakuna hata moja yenye nukta tumboni. Zimefika na njaa, zimekufa na njaa. Na bakteria? Walikuwa wachache, wamekaa hapa na pale, nje, hawana haraka. Jamani! Kama bakteria ndio waliozichana seli hizo zote, wangekuwa wamejaa kila mahali. Sasa nani kaua?

Kwanza nikazishuku rangi zangu. Nikapaka usaha wa mama mmoja aliyekuja na jipu, kwa chupa zilezile: seli zikatoka nzuri, matumbo yamejaa. Rangi hazina kosa. Nikamtoa papa damu, nikahesabu seli nyeupe: ziko juu. Maana yake mwili wake ulisikia mwito, ukazituma, zikaenda. Sukari inazifanya seli kuwa nzito, hilo nalijua, zinakawia, zinakula vibaya. Lakini uzito hauchani kitu. Nilipompigia daktari akasema kwa ile sauti yake labda nimepaka kwa nguvu. Mimi! Nimepaka usaha wa nusu ya mji huu, leo nije nipake wa baba yangu kwa nguvu? Nilimshukuru, nikakata simu, nikaipiga meza kofi mpaka vioo vikaruka.

Jioni nikamwuliza papa. "Kuosha kidonda, unatia nini?"

"Hapana kintu, mama. Maji na chumvi."

Alisema hivyo huku anaangalia ukuta. Nilikuwa nimechoka, nikafikiri anaangalia kalenda.

Siku nne za zile wiki mbili zilipotea hivyo, nikirudia kioo, nikipata maiti zilezile. Siku ya tano ilikuwa Jumapili. Nilitaka kuosha sombe, majani ya muhogo, sufuria kubwa ilikuwa motoni, nikaenda nyuma ya jiko kuchukua beseni. Ni beseni la mama, jeupe, la chuma lililopakwa rangi ngumu ile inayong'aa, limebanduka sehemu nyingi kwa uzee. Mahali palipobanduka nimepajua tangu utoto: chuma cheusi, chenye kutu kidogo. Siku hiyo palikuwa pekundu. Pekundu safi, panawaka kwenye jua, kama sarafu mpya. Kila kovu la lile beseni lilikuwa limegeuka shaba.

Nilikaa chini palepale kwenye udongo.

Maana jambo hilo nilifundishwa na papa mwenyewe. Nilikuwa na miaka saba hivi. Alikuja na kichupa cha maji ya bluu, akaniambia, "Mama, leta musumari." Akautumbukiza, akahesabu polepole, akautoa umekuwa mwekundu. Nikauma ule msumari nikidhani amebadilisha kwa ujanja. Nikamwuliza kwa nini, akasema chuma kikikaa mu maji ya shaba kinavaa shaba. Nikamwuliza tena kwa nini, na tena, mpaka akaniambia nenda ukaulize shule. Nikaenda. Ukitaka kujua nani aliyenitia ugonjwa huu wa kuuliza, ni yeye na msumari wake.

Na mimi, mtoto wa Shituru, ile rangi ya kijani kwenye kingo za kidonda niliitazama kila asubuhi wiki tatu na siku nne, nikafikiri ni ugonjwa. Hilo sijajisamehe.

Niliingia ndani na beseni mkononi.

"Papa, chupa iko wapi?"

"Chupa gani?"

Nilimgeuzia beseni aone makovu yake. Aliliangalia kwa muda, na naapa, kwanza aliliangalia kama mtu wa kazi, kuona kama shaba imeshika vizuri. Halafu akainama, akavuta kutoka chini ya kitanda kopo la siagi la zamani. Ndani mlikuwa na chumvi ya bluu, chumvi ya shaba, ile wakulima wanayonyunyizia nyanya zao, tomate.

"Nimenunua ku soko," alisema. "Ku kazi tulikuwaga tunafanya vile, sisi kwa sisi. Ukikatwa na tole, unatumbukiza mukono mu bac. Inaunguza, unavumilia, inakauka. Mu ile maji, mama, hakuna mududu inaishi."

"Hakuna mududu inaishi, na weye pia hautaishi!" Nilikuwa napiga kelele, majirani wote walisikia, na wasikie. "Ile maji haichagui, papa! Inaua mwizi, inaua na mwenye nyumba! Mwili wako unatuma seli kila siku, zinakuja kukusaidia, unazimwagia sumu kichwani! Zote! Nimeziona! Wiki tatu unaua watu wako mwenyewe!"

"Minye sikujua kama kuna bantu."

"Na kwa nini ukanificha?"

Aliangalia ukuta. "Ju ya weye ni mama. Ungenikataza."

"Mficha maradhi, kilio humfichua," nikamwambia, na hapo machozi yakaja, ya hasira na ya woga pamoja, kwa sababu nilikuwa nauona ule mguu umeshakatwa.

Papa akaniinulia macho kidogo. "Kilio njo hii yako?"

Ah, mzee huyu! Nilicheka na kamasi zangu. Kisha nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikasubiri yapoe, nikaleta beseni la plastiki. Nikakaa chini mbele yake. "Lete muguu," nikasema, na sikusema kama binti. Akaleta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika mguu wa baba yangu. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri, na unyayo wake ulikuwa laini kama wa mtu ambaye hajawahi kutembea.

Zilibaki siku tisa. Kopo nililifungia kwenye kabati langu kazini, ufunguo nikautia kwenye mkoba. Daktari nilimwambia yote. Aliondoa nyama iliyokufa, akasema wiki mbili ni wiki mbili, haongezi. Kila asubuhi niliosha, kila asubuhi nilichukua pamba. Siku ya kwanza, maiti. Siku ya pili, maiti. Siku ya tatu bakteria wakaongezeka, nikaogopa vibaya sana, maana yale maji ya bluu, tuseme haki, yalikuwa yanawapunguza wao pia. Nikajiuliza: kama nimekosea? Kama mzee alikuwa na haki, na mimi ndiye ninayeupeleka mguu wake kwenye msumeno? Usiku huo sikumwangalia usoni wakati wa kula.

Siku ya nne seli zilikuwa nzima. Za waridi, za mviringo, viini vimegawanyika vizuri. Mguu ulikuwa umevimba kidogo na umepata joto, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kuona uvimbe. Siku ya tano niliinama kwenye hadubini, nikaikuta moja, pembeni kabisa, na nukta sita za zambarau ndani ya tumbo. Sita! Nilitoka nje ya chumba nikazunguka uwanja wa kituo mara mbili, wagonjwa wananitazama, nikarudi kuhakikisha bado ipo.

Nilimpigia papa simu nikamwambia apande pikipiki aje. Alikuja amevaa koti, kama anakwenda kanisani. Nilimtoboa kidole, nikaweka tone la damu yake kati ya vioo viwili, bila rangi, hai, nikaitafuta seli nyeupe katikati ya zile nyekundu. Nikamwonyesha jinsi ya kufumba jicho moja.

Alikaa muda mrefu haoni kitu. Kisha mgongo wake ukanyooka.

"Inatembea!"

"Inatembea, papa."

"Nani anaiambia iende kule?"

"Hakuna. Inapapasa, inafuata harufu."

"Haina chef?"

"Haina mkubwa."

"Hata capita?"

"Hata capita, papa. Hakuna nyapara."

Akapiga mluzi. "Njo maana inafanya kazi," akasema, na hakuondoa jicho mpaka tone likakauka. Mlangoni akaniuliza, kwa aibu, kama zile alizoziua zilikuwa zinatembea vilevile. Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akavaa kofia.

Sasa kuna jambo nililomficha, na mimi sina tabia ya kumficha papa kitu. Wiki hiyohiyo nilitaka kujua seli ikishameza, inaua kwa sumu gani. Nikasoma kwenye simu, nikasoma tena kwenye kitabu changu cha shule, nikamwuliza daktari. Inamwaga asidi, hilo nilikuwa nalijua. Inamwaga vitu vinavyounguza kama dawa ya kufulia, hilo pia. Lakini watu wa sayansi wameona jambo jingine: wale walaji wakubwa wanavuta shaba. Ndiyo, shaba. Wanaisukuma kidogo kidogo ndani ya kile kifuko walichomfungia bakteria, na ile shaba inamuua. Nilisoma sentensi hiyo mara tano. Kwa hiyo mzee hakukosea dawa. Alikosea mahali pa kuiweka, na kipimo. Seli inafunga kifuniko kwanza, ndipo inatia. Yeye alimimina nje, juu ya kila mtu.

Kumwambia sikuthubutu. Namjua. Angesema "Voilà!" na kesho yake angekuwa sokoni kwa watu wa tomate. Nilifunga mdomo, na jambo hilo likanichoma ulimi siku zote zilizobaki, kwa sababu hakuna mtu duniani ambaye lingemfurahisha kama yeye.

Siku ya kumi na nne daktari alifungua bandeji. Mimi nilisimama karibu na dirisha, sikutaka kuona kwanza. Nikasikia koleo inawekwa kwenye sahani.

"Hapa kuna nyama mpya," alisema kwa sauti yake ndogo. "Na hapa. Na hapa pia."

Nikageuka. Katikati ya kidonda, pale palipokuwa pakavu kama ngozi ya ngoma, palikuwa na nyama nyekundu yenye unyevu na vijichembe, na papa alikuwa ameinama anaiangalia kama mche uliotoka ardhini. Kidole kidogo hakikupona, kilikuwa kimekwisha kuwa cheusi.

"Kidole hiki tunakitoa," daktari alisema. "Mguu unabaki."

"Kimoja?" papa aliuliza.

"Kimoja, papa."

"Kitoe, docteur. Mahindi haiombi kidole."

Nilitoka kwenye korido nikalia mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Walikitoa kidole, na baada ya siku chache wakamruhusu kutoka hospitalini. Tulikuwa tunatembea polepole kwenye uwanja, mimi na mfuko wake wa nguo, yeye na fimbo, na kiatu cha kulia nimekijaza pamba mahali pa kidole. Sijui ni nini kilinishika. Labda ni kumwona anakanyaga. Nikasimama nikamwambia yote: kifuko, kifuniko, shaba inayovutwa ndani kidogo kidogo. Nikaongeza haraka, "Na ukigusa tena ile kopo, papa, nitakukata muguu minye mwenyewe."

Hakusema "Voilà". Alisimama, ameegemea fimbo.

"Shaba ya kweli?"

"Ya kweli."

"Na inaitoa wapi?"

"Mu damu yako. Inatoka mu chakula. Kila muntu iko nayo, kidogo sana. Ulizaliwa nayo."

Aliangalia mkono wake, upande wa juu, kisha wa chini. Aliendelea kutembea, nami nikamfuata. Pale mlangoni kuna zamu, mlinzi anayekagua mifuko ya wanaotoka na kudai karatasi ya ruhusa. Nilimpa karatasi, nikafungua mfuko aone. Ndipo nikamwona papa ameiegemeza fimbo ukutani. Amesimama juu ya miguu yake miwili, ameinua mikono yote juu, na anageuka taratibu, kama nilivyomwona akionyesha maisha yangu yote.

"Nipekue vizuri, bwana," alimwambia zamu, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. "Balikuwaga banatafuta mu soksi. Kumbe kila siku nilikuwa natoka nayo."

Zamu aliniangalia mimi, hakuelewa kitu. "Papa, pita tu," alisema.

Papa akashusha mikono, akachukua fimbo yake, akapita.